Suzuki Escudo ya petroli, miaka miwili nayo Mtwara: nilivyoipata, inavyokunywa na inavyopanda

Kila nikisimama sheli hapa mjini lazima atokee mtu wa kuniuliza, eti mama hiyo Escudo unaionaje, haikusumbui, kwanini hukuchukua RAV4 kama wenzio. Namjibu nusunusu dirishani sababu nyuma kuna bajaji inapiga honi na kijana wa pampu anataka hela yake. Sasa leo nimekaa, watoto wamelala, naandika yote kwa mpigo, mazuri yake na madudu yake, anayetaka kununua gari ya familia ya petroli fowili, yaani inayosukuma tairi zote nne, huku kwetu asome aamue mwenyewe.

Kwanza mjue mi ni nani ili mjue maneno yangu yanatoka wapi. Nina watoto watatu, mume anafanya kazi mkoa mwingine anarudi mwisho wa mwezi, na nina duka la pembejeo, salfa na madawa ya mikorosho, mabomba ya kupulizia, vitu hivyo. Kwahiyo kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa mi niko barabarani, Nanguruwe, Tandahimba, Newala, narudi usiku nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Na mama yangu mzazi yuko kijijini Newala huko ndani, sio pale mjini penye benki, ndani. Mama ana presha. Akipigiwa simu mtu saa nane usiku kwamba mama kazidiwa hausubiri basi la asubuhi. Hiyo ndo barabara niliyokuwa nainunulia gari, sio ya kwenda Shangani kula pweza.

Sasa Escudo sio gari yangu ya kwanza. Ya kwanza nililizwa, na nilivyolizwa ndo kumenifundisha kila kitu nilichoandika hapa, ngoja nieleze.

Ilikuwa msimu wa korosho, mnada umelipa, hela ya wakulima imeshuka kwenye AMCOS, vyama vyao vya ushirika, na wakulima wanalipa madeni dukani, nami nikajiona tajiri. Msimu huo ndo mbaya kuliko yote kununua gari Mtwara nawaambia, madalali wanazileta kutoka Dar mfululizo zimepigwa polishi zinang'aa kama sufuria jipya na bei imepanda kwasababu wanajua mtu ana hela ya moto mfukoni. Dalali mmoja akanipa RAV4 nyekundu, zile za mwaka 2001 hivi, mgongoni ina tairi la spea, iko juu, akaniambia dada hii ni fowili, hii ni mashine ya porini. Nikaamini. Mtu akiiona RAV4 imeinuka vile na tairi mgongoni atauliza nini tena?

Masika yakaja. Nimetoka Mtwara, lami wakati ule ilikuwa inaishia Mnivata, kilomita 50 hivi, ukiimaliza unaingia udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Sehemu moja kuna kipando kidogo tu, kidogo kweli, gari ikagoma. Nakanyaga mafuta inaunguruma inateleza pembeni kuelekea mtaro. Wakashuka vijana kwenye Canter wakanisukuma, mmoja akasimama pembeni anaangalia, akaniuliza, mama hii umeambiwa fowili? Nikamwambia ndio. Akacheka. Akasema angalia tairi za nyuma mama. Nikaangalia. Za mbele zinachimba kaburi, za nyuma zimetulia kimya kama wakwe.

Niliporudi fundi wangu akaingia chini, hakukaa hata dakika mbili akatoka, anajifuta mikono, "mama huku nyuma hamna difu." Hamna difu, ile ya kugawia nguvu tairi za nyuma! Hamna propela shafti ya kupeleka nguvu huko nyuma, hamna kitu, ni gari ya kuvuta mbele tu kama IST, tofauti imeinuka. Miezi yote hiyo naendesha najiona niko na fowili.

Basi hapo ndo nikajifunza kusoma chesesi namba, na hili ntalieleza kwa kirefu kwasababu sijaona dalali hata mmoja anayekuambia. Kwenye kadi ya gari na kwenye kile kibati cha injini kuna herufi za mwanzo za chesesi. RAV4 zile za 2000 mpaka 2005 zilizotoka Japan, ukiona inaanza na ZCA jua hiyo ni cc 1800 na inavuta mbele tu, ukiona ACA20 au ACA21 hiyo ndo fowili ya cc 2000. Yangu ilikuwa ZCA. Ilikuwa imeandikwa kwenye kadi muda wote huo nimeiweka kwenye droo! X-Trail, ikianza na N mbele, yaani NT30 au NT31, ni fowili, ikiwa T30 au T31 bila N ni ya mbele tu. Kluger ACU25 ni fowili, ACU20 siyo. Vanguard ya cc 2400 ACA33 fowili, ACA38 siyo. Rush J200 fowili, J210 inasukuma nyuma tu. Umbo nje lilelile, bei anayokutajia ileile, tofauti ni hiyo herufi moja au namba moja. Halafu usiishie kwenye kadi, inama uchungulie chini nyuma, kama kuna difu na propela imeingia utaiona kwa macho, sio kitu cha kujificha, ukivaa dera basi mtume kijana.

Nikaiuza ile nyekundu, nikamwambia mnunuzi ukweli kwamba sio fowili, akasema haina shida yeye ni wa mjini. Nikarudi sokoni nikiwa na akili nyingine, na safari hii nikaacha ipite mwezi wa pili ndo nikaanza kutafuta, msimu umeisha, madalali wana njaa, bei zinaongeleka.

Kwanini petroli na sio dizeli? Wengi wanasema porini dizeli. Sawa, ila dizeli za kifamilia ninazoziweza kwa hela yangu ni za zamani sana, pampu ikifa au tabo (turbo) ikifa hapa Mtwara utatafuta fundi wa maana mpaka uchoke, na mi safari zangu nyingi ni fupifupi za mjini shule, dukani, soko la samaki, feri. Petroli kila fundi anaijua, plagi, koili, nozeli, basi. Inakunywa ndio, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati, wakitoa bei za mafuta nasoma kama matokeo ya darasa la saba. Gesi tunayo Madimba hapo, mi bado nahesabu lita za petroli.

Sasa gari nilizozipima. RAV4 ya ACA, yaani fowili ya kweli, nilikuwa naitaka bado maana spea zake ziko mpaka Masasi. Tatizo cc 2000 zile za Japan injini yake ni D4, imeandikwa juu ya kava kabisa, inapiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Ikiwa nzima ni gari nzuri inakwenda na haili sana. Ikianza kuchoka inajaza masizi kwenye njia ya hewa, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inapanda na kushuka, na fundi asiyeijua anakubadilishia plagi mara nne bila kugusa ugonjwa. Pajero iO na ile GDI yake ni ukoo huohuo, presha kubwa, pampu ya kubembeleza. Nikasema mafuta ya kwenye madumu ya vijijini nayoyanunuaga nikikwama na pampu ya aina hiyo haviendani.

X-Trail ina nafasi kubwa kuliko zote kwa bei ile, watoto wangu waliipenda sababu ya buti na viti, na ina kitufe cha kulazimisha fowili. Ila muulize fundi yoyote atakwambia zile za mwanzo ugonjwa wao unaojulikana ni sensa za krenki na kamshafti, gari inazima ghafla ikipata joto halafu ikipoa inawaka kama hakijatokea kitu. Sensa sio bei mbaya, unabadilisha zote mbili unaweka za kampuni yenyewe sio za kuokoteza unasahau. Lakini mi mwanamke naendesha usiku porini na watoto, hiyo "inazima ghafla" sikuitaka hata kwa kuhadithiwa.

Jirani yangu mwalimu ana Forester, gari tamu barabarani, inakaa chini kwenye kona imeshika lami kama mjusi. Fowili yake ni ya kudumu muda wote na kwenye tope la kawaida inapita. Tatizo ile cc 2000 ya miaka hiyo inatumia mkanda wa taimingi, ukifika kilomita laki moja unabadilisha na usipobadilisha ukakatika injini imekwenda, na ukinunua yadi huna uhakika mkanda ulibadilishwa lini. Silinda zimelala ubavuni, kubadilisha plagi tu fundi anajikunja kama anatoa mwiba. Mdogo wangu yeye alitaka nichukue hiyohiyo tena yenye tabo, nikamuuliza wewe ndo utakuwa unaijaza mafuta? Akanyamaza. CR-V sitaki kuizungumzia sana, injini yake ngumu sana kweli, sema fowili yake inasubiri mpaka tairi za mbele ziteleze ndo nyuma iamke, na inataka oili yake maalum ya difu ambayo hapa sijawahi kuiona dukani. Prado ya petroli cc 2700 ndo ndoto, ila kwa bei ile unabaki na gari huna duka.

Rush ndo iliniumiza kichwa. Cc 1500, cheni sio mkanda, fowili ya kudumu na kitufe cha kufunga difu ya kati ili mbele na nyuma zizunguke sawa, iko juu, mafuta inakunywa kidogo. Ningekuwa na mtoto mmoja ningeichukua na ningekuwa naandika habari zake hapa. Ila nikaipanda na watoto watatu, mama, na katoni za dawa nyuma, kipando cha Mikindani tu pale inalia kama inaonewa.

Escudo sasa. Naongelea ile ya kuanzia 2005, milango mitano, cc 2000 otomatiki gia nne, chesesi inaanza na TD54W. Nje ya Japan wanaiita Grand Vitara. Injini yake J20A, cc 1995, nozeli za kawaida hamna D4 wala nini, na inatumia cheni. Ile ya zamani kabla yake ilikuwa na chesesi ya reli kama pikapu, hii bodi na chesesi vimeunganishwa pamoja, ndo maana ukipita kwenye makorongo haigongani gongani. Nguvu inakwenda tairi zote nne muda wote hata kwenye lami. Na kilichoninunua mimi ni kile kiswichi cha kuzungusha kwenye dashibodi: 4H ya kila siku, 4H LOCK ya kufunga difu ya kati, halafu 4L LOCK, gia nzito, ya kwenda polepole kwa nguvu. Gia nzito! Kwenye hizi gari za saizi hii na bei hii, ukiacha ile Pajero iO ya pampu ya kubembeleza, kati ya nilizozipima sikuona nyingine inayo, ukiitaka gia nzito unapanda mpaka Prado.

Niliipata Dar, ya mwaka 2007, namba ya usajili D, rangi ya fedha, nikashusha na bei mpaka milioni 16 na nusu. Kuagiza mwenyewe Japan nilipiga hesabu kwenye kile kikokotoo cha TRA, gari ya miaka mingi kama hii inapigwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, nikaona bora inayotembea tayari hapa nyumbani. Kama mnaagiza ya mwaka wa karibuni angalieni pia cc, ikivuka 2000 ushuru wa bidhaa unapanda, kwahiyo Escudo ya 2.0 inapona, ya 2.4 haiponi.

Siku ya kuikagua nilimlipia fundi wangu nauli ya basi kutoka Mtwara mpaka Dar na posho. Watu walinicheka. Nauli na kulala kwake haikufika hata bei ya tairi mbili, na alishanikataza gari mbili kabla ya hii. Ya kwanza kwenye yadi moja sitaitaja, geji inasoma kilomita elfu sabini na kitu, fundi akaangalia pedeli ya breki mpira umelika hadi chuma, stelingi imekuwa laini inang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi, akaniambia mama hii imekimbia mara tatu ya hapo. Ya pili akafungua kifuniko cha oili injini, ndani kuna kitu kama maziwa mgando. Maji yameingia kwenye oili. Muuzaji anasema ni unyevu wa Dar tu. Tukaondoka hata hatukunywa soda aliyotununulia.

Hii ya tatu fundi alikuwa amempigia muuzaji jana yake kwamba asiiwashe mpaka tufike, maana cheni ya hii injini ukiipuuzia oili inalegea, na dalili yake unaisikia asubuhi injini ikiwa ya baridi, kelele za kokoto kwenye kopo sekunde chache halafu zinapotea. Muuzaji mjanja anakuwashia mapema ukifika imeshapata joto imenyamaza. Kwahiyo tumefika fundi akashika injini kwa mkono kwanza, ya baridi, ndo ikawashwa. Ikanguruma kidogo, kimya. Akavuta kijiti cha oili ya gia boksi akainusa, haijaungua, bado nyekundu nyekundu. Akaingia chini kuangalia kutu, maana kuna gari zilikaa kule Japan kwenye barafu wanamwaga chumvi barabarani, zinakuja chini zimeoza juu zinang'aa. Kutu kidogo kwenye eksozi tu. Halafu tukaenda kwenye mchanga tukajaribu kile kiswichi, unasimama, breki umekanyaga, gia iko N, unazungusha kwenda 4L, unasubiri taa yake iwake. Ikawaka. Kama haiwaki au inapepesa pepesa tu, hapo kuna mota ya trensfa, ile inayobadilisha hizo 4H na 4L, imekufa, na watu wengi wa Dar wanauza hizi gari hawajawahi hata kugusa hicho kiswichi tangu wazinunue. Wengine nilivyowauliza walidhani ni cha feni.

Kitu kingine fundi alichokiangalia ambacho mi nisingekijua, tairi. Mbele zilikuwa saizi nyingine na nyuma nyingine, muuzaji anasema hiyo kawaida. Kwa gari ya fowili ya kudumu sio kawaida, tairi zikitofautiana duara difu ya kati inafanya kazi muda wote inajisaga. Tulimkata laki sita kwa hilo, tukafunga nne mpya zote sawa, 225/65 rimu 17, na saizi hiyo ndo inavaliwa na RAV4 za miaka ya karibuni kwahiyo kuipata hapa Mtwara sio shida.

Makaratasi sisemi sana. Kadi orijino, kitambulisho cha mwenye jina lililo kwenye kadi na sio la shemeji yake, mkataba kwa mwanasheria, deni la faini za trafiki kwenye mtandao wa polisi, na umiliki unahamisha TRA mapema usiache. Namba moja nilikuta inadaiwa faini mpaka nikamhurumia mwenye gari.

Haya, miaka miwili.

Nilivyofika nayo wiki ya pili nikaipeleka Msimbati kuijaribu, mnajua ule mchanga, unaingia pwani unaendesha ukingoni mwa bahari, wenye gari za kawaida wanaacha juu kwenye minazi. Nikatoa upepo tairi kutoka psi 32 mpaka 18, nikaweka 4L, nikaenda taratibu bila kukanyaga kwa hasira. Ikapita. Ikatembea kama trekta dogo, watoto wanashangilia nyuma, na pembeni kuna kijana na fowili yake kubwa ya bei mbaya amekwama hadi bodi kwasababu hajatoa upepo na anakanyaga mafuta tu. Tulimvuta. Sitasahau uso wake akivutwa na Escudo ya mama mwenye dera. Mje na pampu ya kujazia upepo ile ya kuchomeka kwenye sehemu ya kuwashia sigara, usirudi lami na upepo 18 tairi zitachemka. Na mkirudi osheni gari chini kwa maji baridi, chumvi ya Msimbati haina undugu.

Masika ndo kazi yake hasa. Usiku ule mama alipozidiwa, na nilijua utakuja tu, mvua inanyesha, niliondoka Mtwara saa tisa usiku, kwenye udongo mwekundu nikaweka 4H LOCK, gari inapepesuka kidogo nyuma inajirudi yenyewe, kile kipando kilichoniaibisha na ile nyekundu sikukiona hata. Mama tulimfikisha hospitali asubuhi hiyohiyo, alipona, na sasa anaiita "mjukuu wa bati". Njia ya Mtama kupandia Mkwiti kwenda Newala nayo nimeipita, kushuka ule mlima kwenye 4L hugusi breki, injini ndo inashika, mguu uko pembeni, unashuka kama mzee mwenye fimbo.

Ila jamani, hiyo LOCK ni ya tope na mchanga tu. Kuna mtu nilimwona anatembea nayo lami kavu kutoka Mingoyo mpaka Lindi mjini anadhani ndo inashika barabara vizuri, kona anapiga stelingi ngumu inagoma gomagoma. Unavunja gia zako mwenyewe kwa hela yako. Lami, 4H basi.

Madudu sasa. Mafuta. Hapa sidanganyi mtu. Mjini Mtwara napata kilomita 7 na nusu, 8 kwa lita, nikiwasha AC na foleni ya shule hata 7. Safari ndefu inafika 10. Tenki lake lita 66, na Mtwara Dar ni kilomita 560 hivi, kwahiyo nikijaza hapa naingia Dar taa ya mafuta inanikodolea macho, kwahiyo Nangurukuru lazima niongeze kidogo roho itulie. Anayetaka gari ya kutokunywa akachukue Rush au akae na IST yake. Gia nne tu hizo kwa hiyo ukiwa unaipita lori la makaa ya mawe kwenye mlima unapanga mapema, hairuki.

Buti ni dogo kwa familia ya kusini. Ukirudi kijijini umepewa mihogo, nazi, gunia la korosho na kuku wawili, kuku wanakaa miguuni kwa mtoto wa kati. Keria la juu nimefunga mwenyewe kwa fundi wa kuchomelea. Na ule mlango wa nyuma unafunguka pembeni umebeba lile tairi zito, baada ya miaka bawaba zinalegea mlango unakaa unagonga gonga kwenye vumbi, wangu nimeshabadilisha bushi zake mara moja. Bushi za mikono ya chini mbele nazo zimeisha mara moja, shokapu mbili nyuma, linki za stelingi. Kwa barabara ninazopita nisiilaumu gari, ningekuwa mimi ningeisha zaidi.

Spea ndo eneo ambalo Toyota anakupiga bao. Hapa Mtwara duka nililozoea lina filta ya oili, plagi, breki pedi, mkanda wa nje, basi. Kitu kikubwa zaidi natuma picha ya kile cha zamani na chesesi namba kwa muuza spea Kariakoo, tunapatana, hela kwa simu, mzigo unapanda basi la usiku na kesho yake naufuata stendi. Kwahiyo gari inalala siku moja mpaka mbili, sio wiki. Ila mara moja nililetewa bushi za ile ya zamani ya kabla ya 2005, nikarudisha, siku tano zimepotea, ndo nikajifunza kutuma chesesi namba na sio kusema "Escudo" tu. Na cheni naitunza kwa oili, kila kilomita elfu tano namwaga, sisubiri elfu kumi kama wanavyoandika kwenye vibandiko, fundi anasema vumbi la Tandahimba halisomi vibandiko.

Mpaka leo haijawahi kunilaza njiani. Imenizimikia mara moja sokoni, betri, ambayo niliikuta nayo.

Mtu akiniuliza nichukue nini, nami namuuliza unakwenda wapi mvua ikinyesha. Wa Masasi na Mangaka lami moja kwa moja, chukua RAV4 ya ACA isiyo na kelele au Rush, hutajuta na utapata spea kila kona. Wa Liwale, wa Newala ndani, wa Msimbati kufuata samaki, tafuta TD54W iliyonyamaza asubuhi, taa ya 4L inawaka, tairi nne sawa. Milioni kumi na tano mpaka kumi na nane hapo katikati nimeziona nzuri, chini ya kumi na mbili nimeziona pia, zote zilikuwa na kelele za kokoto.

Yangu haiuzwi, mnaouliza mnisamehe. Kesho nafuata bushi stendi, zimeshapanda basi.